Vita vya Vitambaa Arobaini na Kimoja vya Bi Kuruthumu

Enyi watu wa Bagamoyo, wa Nianjema na Dunda, na nyinyi wa Magomeni mnaojifanya hamsikii. Enyi mlioketi barazani na mlioingia msalani na simu. Wekeni chini kete za bao, zimeni hiyo redio, mje mkae. Habari ninayoileta si ya masultani waliogombea ngome, maana masultani wamesifiwa vya kutosha na wengi wao hawakuwa na kazi. Ni habari ya mtu mmoja mwenye tepu ya kupimia na brashi ya chokaa, aliyepigana siku ya Jumapili tangu alfajiri mpaka baada ya alasiri, akateka upana wa vidole vitatu. Vidole vitatu, nimesema. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele mambo ni mazito.

Njooni mnisikize,
Vita niwasimulize,
Na mwoga asijilize,
Shujaa amesimama.

Shujaa huyo ni Twalha bin Maulidi, simba wa sebule, adui wa maua ya plastiki, mpambaji wa nyumba aliyezaliwa Bagamoyo, akaenda Dar es Salaam kujifunza kazi, akapamba nyumba za watu wenye mageti yanayojifungua yenyewe, kisha akarudi kwao kuja kuwaokoa ndugu zake na ubaya wa sebule zao. Ndugu zake hawakuwa wameomba kuokolewa. Walipouliza kijana wa Maulidi anafanya kazi gani, waliambiwa anaingia nyumba za watu na kuwaambia wasogeze makochi. Basi wakamwita Mhamisha Makochi, na jina hilo likamganda kama gundi ya mbao.

Nanyi mjue mapenzi na machukio ya shujaa kabla hamjamwona vitani, kwa kuwa mpambaji hupigana kwa macho yake kwanza. Alichukia taa za darini zinazobadilika rangi, zambarau, kijani, nyekundu, kana kwamba familia inakula ugali ndani ya gari la wagonjwa. Alichukia picha za farasi weupe wanaokimbia majini, kwa kuwa hakuna mtu wa Bagamoyo aliyewahi kuwa na farasi. Alichukia zulia la manyoya katika mji ambao mtu hutoka jasho akiwa amelala. Alipenda chokaa nyeupe iliyopakwa mara tatu, mkeka wa ukindu uliosukwa vizuri, dirisha lisilozibwa, na juu ya vyote alipenda nafasi. "Nafasi nayo ni samani," alikuwa akisema, na watu walikuwa wakimuuliza inauzwa duka gani.

Chumba chake mwenyewe kilikuwa na mkeka mmoja, kiti kimoja na ukuta mweupe. Siku majirani walipokiona mara ya kwanza walimpa mama yake pole, wakamuuliza kama wezi walivunja dirisha au waliingilia mlangoni.

Sasa sikilizeni habari za upande wa pili, maana shujaa bila adui ni mtu anayepunga mikono hewani.

Kule Nianjema aliishi Bi Kuruthumu binti Mrisho, mjane, mama wa Adila, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza kunguru bila kuinuka kitini. Huyu alikuwa na vitambaa arobaini na kimoja alivyovifuma kwa mkono wake, kumi na viwili kati ya hivyo akiwa edani, na kila kitambaa kilikuwa na kituo chake cha ulinzi. Makochi yalivaa vitambaa mgongoni na mikononi. Friji ilivaa. Mtungi wa gesi ulivaa. Jagi la maji lilikuwa na chake chenye shanga pembeni, na juu ya kitambaa cha televisheni palikuwa na kitambaa kidogo cha kukikinga kile kikubwa na vumbi.

Adila, muuguzi wa zahanati huko Chalinze, alikuwa anaposwa. Washenga wangekuja kutoka Kaole siku ya Jumapili baada ya sala ya alasiri, nao ni watu wa kutazama ukuta kabla ya kutazama mtu. Adila akamtafuta Twalha kwa simu, akamlipa, akamwambia, "Kaka, nisaidie. Sebule ya mama inatisha. Ila mama mwenyewe utazungumza naye wewe."

Twalha akaenda. Akasimama mlangoni, tepu imening'inia kiunoni kama jambia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe mhamisha makochi?"

"Mimi ni mpambaji, mama."

"Mpambaji wa maharusi namjua, huja na hina na udi. Wewe umekuja na kipimo kama cha kupimia sanda."

Twalha akameza hilo, akaingia, akaitazama sebule, na moyo wake ukapiga ngoma ya vita. Akasema, "Mama, chumba hiki ni kizuri. Dirisha lake zuri, mlango wake mzuri. Lakini kimefunikwa. Kochi likivaa vitambaa vitatu ni kama mtu mzima aliyevalishwa bibu."

"Watoto wangu wote walivaa bibu, na hakuna aliyekufa."

"Nipe Jumapili moja tu, mama, tangu alfajiri."

Bi Kuruthumu akamtazama kuanzia viatu. Kisha akatamka masharti yake, na masharti hayo aliyatamka mlangoni, mbele ya jirani yake Biubwa na wapita njia wanne, ili yawe na mashahidi. "Jumapili nitakuwa Magomeni kwa dada yangu, nakaanga visheti vya wageni. Ufunguo huu hapa. Nikirudi, washenga wakaja wakaiona nyumba yangu wakaondoka na posa yao mfukoni, utarudisha kila kitu ndani kwa kichwa chako, mchana kweupe. Na neno mpambaji usilitamke tena kutoka hapa mpaka Mapinga. Utarudi kwa mjomba wako ukapime pumba za kuku."

Mjomba kweli alikuwa na duka la pumba, na kweli alikuwa amekwisha kumwekea Twalha mzani. Hilo ndilo lililokuwa limewekwa rehani siku ile: jina la ufundi la kijana mmoja, upande mmoja; upande wa pili, magunia.

Ikafika Jumapili. Muadhini alikuwa hajamaliza kukohoa kwenye kipaza sauti, Twalha yupo mlangoni na wapagazi wawili aliowakodi sokoni, wanaume wa kifua kama pipa. Loo, ni ulimi gani utakaoyaeleza makochi yale? Yalikuwa saba, ya mbao ya mninga, mazito kama deni la mahari, yamekaa ukutani tangu Adila akiwa darasa la pili, na chini yao palipatikana rimoti mbili za televisheni ambayo haipo tena. Moja baada ya moja yakatolewa kama tembo waliotekwa. Vitambaa vikavuliwa, vikakunjwa, vikahesabiwa, vikapangwa juu ya sinia kwa heshima inayostahili mateka. Kabati likatoka. Friji ikatoka ikilalamika.

Na sasa, enyi watu wa pwani, fungueni macho, kwa maana hapa ndipo shujaa wetu alipofanya kosa ambalo mtoto wa madrasa asingelifanya.

Jua lilikuwa linapanda, na mninga huchanika. Basi Twalha akatandaza turubai la bluu kutoka dirishani hadi nguzo ya umeme, akapanga makochi saba chini yake kwa safu mbili. Ndani akapaka chokaa mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kioo kikubwa akakigeuza uso ukutani kisirukiwe. Televisheni akaizima, akaifunika shuka. Akatandika mikeka minne ya ukindu chini, sakafu nzima, na kwa kuwa chumba kilikuwa kinanuka chokaa, akachoma ubani.

Hesabuni wenyewe. Turubai nje. Viti chini ya turubai. Samani zimetolewa. Mikeka sebuleni, kioo kimegeuzwa, televisheni kimya, ubani unafuka. Mkazi yeyote wa Bagamoyo mwenye akili timamu akipita hapo hufanya jambo moja tu. Hutafuta kanga ya kujifunika kichwa.

Twalha hakuona. Jicho lililoweza kuona kwamba pazia limepinda unywele mmoja halikuona msiba lililoujenga lenyewe.

Wa kwanza kupita alikuwa Biubwa, yule jirani, mwanamke mwepesi wa machozi na mwepesi zaidi wa simu. Akaona, akasahau masharti yote aliyoyashuhudia mlangoni, akashika kichwa. Kilio alichokitoa kiliwaamsha walinzi wa duka la simenti. Kabla chai haijapoa, wanaume walikuwa wameketi chini ya turubai wakizungumza kwa sauti ya chini, wanawake wamejaa kwenye mikeka, na kundi la mtaa kwenye simu lilikuwa limeandika innalillahi mara sitini na tatu. Wazee wawili wenye haraka ya mambo ya kheri wakawaona wale wapagazi, wakasema vijana hawa wana nguvu, wakawapa majembe na kuwapeleka makaburini.

Na shujaa? Shujaa alikuwa juu ya ngazi, anamalizia pembe ya dari. Akageuka, akaona watu hamsini sebuleni, wote wametazama chini. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi ni pazia zito kuliko yote, akajua mara moja wamefuata nini. Wamekuja kutazama kazi yake.

Akashuka ngazi polepole. Akafuta mikono. Akahutubia, na hotuba yake imehifadhiwa na waliokuwapo.

"Enyi ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja. Sikutegemea. Wengi wenu hamkuniamini, leo mmeona kwa macho. Chumba hiki kilikuwa kimebeba mzigo wa miaka. Leo umeondoka. Kilichobaki ni utulivu."

Wanawake wakalia kwa kwikwi.

"Lieni," akasema Twalha. "Msione haya. Hata mimi kilipokuwa cheupe chote nilikaribia kulia."

Wakati huohuo, Bi Kuruthumu alikuwa ndani ya bajaji, beseni la visheti mapajani, anatoka Magomeni. Simu ikalia. Ilikuwa ni Adila, kutoka Chalinze, amepasuka kwa kilio.

"Nani anaongea?" akauliza Adila.

"Mama yako, nani mwingine?"

Adila akalia zaidi, "Mama amefariki. Nimeandikiwa na kila mtu. Nipo barabarani natafuta gari."

"Amefariki saa ngapi?"

"Wanasema asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa nakanda unga. Rudi kazini, mwanangu, wagonjwa wasife kweli. Mimi naenda kuangalia huko nimekufaje."

Alishuka kwenye kona, akalipa, akafunika kichwa kwa kanga kama wenzake, akaingia ndani ya msiba wake mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemtazama usoni. Matangani watu hutazama sakafu. Akaketi mwisho wa mkeka, beseni pembeni yake, akasikiliza.

Biubwa alikuwa anasimulia. "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Wali wake tu ndio ulikuwa na kiini, Mungu amsamehe. Aliniahidi vitambaa, vile sita vya waridi. Alisema, Biubwa, nikiondoka vichukue."

"Mimi cha friji," akasema mwingine.

"Cha jagi chenye shanga nilimsifia mwaka jana, akacheka," akasema wa tatu. "Kucheka kule ni kukubali."

"Na cha mtungi wa gesi anachukua nani?" ikauliza sauti kutoka mwisho wa mkeka.

"Hicho kina doa la mchuzi," akajibu Biubwa bila kugeuka, "apewe mwanawe."

"Doa lile ni la mchuzi wako, Biubwa. Ulikipangusia mkono siku ya harusi ya mpwa wangu, ukadhani sikuona."

Vichwa viligeuka. Sitaeleza kilichotokea kwenye mikeka ile, isipokuwa kwamba mama mmoja alitoka dirishani, na dirisha halikuwa la kutokea. Wanaume chini ya turubai waliposikia marehemu anagombana, waliinuka kila mtu akakumbuka ana mgonjwa. Mmoja, Mungu amlipe, alikimbilia makaburini kuwazuia wachimbaji, ambao tayari walikuwa wamefika magotini.

Sebule ikabaki na watu wawili: Bi Kuruthumu, na Twalha ambaye rangi ya uso wake ilikuwa imelingana na ukuta.

Jambo la kwanza alilofanya yule mama halikuwa kupiga kelele. Alichukua sinia la vitambaa, akavihesabu, akavirudia, vyote arobaini na kimoja. Akavitia ndani ya sanduku lake la bati chumbani, akafunga kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. "Mpaka nijue nani anayeningoja nife kweli," alisema, "havitoki."

Tazameni jinsi vita vinavyokwenda. Twalha alikuwa ameandaa hoja kumi na moja dhidi ya vitambaa vile, hoja zilizonolewa wiki nzima, na ngome ikaanguka kwa ulafi wa majirani kabla hajarusha hata moja.

Lakini furaha yake haikuishi. "Sasa," akasema Bi Kuruthumu, "rudisha makochi."

"Mama, chokaa haijakauka."

"Washenga wako njiani. Mzee Abdulwahab, mkubwa wao, amenipigia. Ameambiwa kuna msiba huku, amesema wanakuja kutoa rambirambi na posa itangoja mpaka arobaini ipite. Nimemwambia mimi ndiye niliyekufa na sijafa. Akasema pole binti, huzuni inakuchanganya, akakata. Anakuja hapa aone nini? Mikeka? Matanga? Rudisha makochi."

Twalha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa chokaa, akainua brashi, na kwa kuwa kiburi kilikuwa ndicho kitu pekee alichobaki nacho, akatoa ubeti:

"Sirudi nyuma, sirudi,
Japo mnipige radi,
Ukuta wangu ahadi,
Kochi halitaugusa."

"Shairi zuri," akasema Bi Kuruthumu. "Mshenga atalikalia?"

Swali lile lilimwingia hadi kwenye mfupa. Kwa maana mbali ya kiburi, Twalha alikuwa fundi, na fundi hujua chumba kisichotumika si chumba. Tena akakumbuka kwamba wapagazi wake wapo makaburini, na kwamba peke yake hawezi kubeba makochi saba hata kama mjomba wake amesimama nyuma na mzani. Akatazama mikeka. Akatazama mlango. Akasema, safari hii bila mashairi, "Mama, matangani huwa hakuna kochi ndani. Likiwamo moja, moja tu, si matanga tena. Ni sebule."

Bi Kuruthumu akafikiri. "Abdulwahab ana goti bovu," akasema. "Leta lile la mtu mmoja."

Enyi wasikilizaji, kazeni mikanda. Kwa maana sasa Twalha bin Maulidi alitoka nje chini ya turubai lile la aibu, akalishika kochi la mtu mmoja kwa miguu yake miwili ya mbele, akasema bismillahi, akalipandisha juu ya kichwa. Shingo yake iliingia mwilini kama ya kobe. Hatua saba zilikuwapo kati ya turubai na mlango, naye alizipiga kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Mlangoni kochi likagoma. Upana wa mlango ulikuwa futi mbili na nusu. Kochi lilikuwa futi mbili na nusu na ushindani.

"Inamisha," akasema Bi Kuruthumu.

"Nimeinamisha."

"Umeinama wewe. Inamisha kochi. Kushoto. Kushoto kwangu."

"Mama, usisimame mlangoni."

"Nisiposimama nani atakuongoza? Haya, mguu umepita. Mwingine. Polepole, ukuta, ukuta huo."

Unene wa karatasi ulikuwa kati ya mninga na chokaa. Twalha akavuta pumzi yote iliyokuwapo Nianjema, akalizungusha kochi nusu duara, nalo likaingia, na ukuta ukabaki mweupe kama jino la mtoto. Akaliweka karibu na dirisha, akaligeuza kidogo limtazame anayeingia. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye mkeka.

Bi Kuruthumu alilizunguka. Kisha akaingia chumbani, kufuli likalia, akarudi na kitambaa kimoja, cha waridi, kimepigwa pasi. "Kochi tupu ni kama mtu katoka kuoga," akasema, akakilaza juu ya mgongo wa kochi, katikati kabisa, akakinyoosha kwa kiganja.

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza. Yote yaliyotangulia yalikuwa ni kupiga ngoma.

Twalha akanyoosha mkono. Akakisogeza kitambaa kulia, upana wa vidole vitatu.

Bi Kuruthumu akakirudisha.

Twalha akakisogeza.

"Wewe mtoto," akasema Bi Kuruthumu kwa upole wa kutisha, "kitambaa hiki nilikifuma edani. Siku kumi nilihesabu vitundu vyake. Unajua katikati yake kunizidi?"

"Sijui kukuzidi, mama. Ila kikikaa katikati kinaonekana kama kimekaa kupigwa picha ya pasipoti."

"Na kikikaa upande kinaonekana kama mtu alikikalia, akainuka, akaenda zake."

"Ndiyo," akasema Twalha. Hata yeye alikuwa ndiyo kwanza anaielewa hoja yake. "Ndiyo, mama. Nyumba ya msiba kila kitu kimenyooshwa, kwa sababu hakuna anayekigusa. Hapa mtu alikaa. Ameinuka sasa hivi, ameenda kuangalia visheti. Yu hai."

Nje muadhini alianza kuadhini alasiri. Bi Kuruthumu alikitazama kitambaa kile muda wote wa adhana. Mkono wake ulinyanyuka, ukakaa hewani, ukashuka. Akapima pengo kwa vidole vyake mwenyewe: shahada, cha kati, cha pete.

"Vitatu," akasema. "Cha nne nakukata."

Washenga walikuja watatu, kofia zimeshuka mpaka nyusi, mwendo wa rambirambi. Mbele yao Mzee Abdulwahab, mtu mzima wa Kaole mwenye ndevu za kuheshimika na goti lisiloheshimu mtu. Alivua viatu, akaingia, akaona mikeka, akanusa ubani, akainua mikono yake miwili kuanza dua ya maiti. Twalha alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na ninawaambia, ndani ya kichwa chake alikuwa tayari anapima pumba.

Mzee akafungua kinywa. Kisha macho yake yakaangukia kochi. Mikono ikabaki hewani.

"Hapa," akasema polepole, "kuna mtu alikuwa amekaa."

"Nilikuwa nimekaa mimi," ikasema sauti kutoka nyuma ya pazia la chumbani. "Karibuni. Na kama dua umeshaianza, ibadilishe tu iwe ya ndoa, maana marehemu nimewakaangia visheti."

Mzee Abdulwahab akashusha mikono, akaifuta kwenye kanzu, na kicheko kikamtoka kwenye ndevu, kicheko cha mtu aliyefanya mazoezi ya huzuni njia nzima kutoka Kaole. Akaliendea kochi, akaketi, goti likalia. Na mkono wake, kama mkono wa kila mtu wa pwani anapoketi penye kitambaa, ukaenda nyuma ya bega kukinyoosha. Twalha akafumba macho. Mkono ukakigusa kitambaa, ukakipapasa, ukakuta kimekaa kama kilivyotaka kukaa, ukarudi mapajani.

"Chumba kina hewa," Mzee akasema. Kisha akatoa barua ya posa kutoka mfukoni, ilimokuwa imefichwa kwa heshima ya maiti, na mambo ya Adila yakazungumzwa, yakapokelewa, visheti vikaliwa mpaka beseni likaonyesha chini. Nyuma ya mlango mtu alifumbua macho.

Walipoondoka, kabla ya magharibi, Bi Kuruthumu alitoka nyuma ya pazia, akasimama mbele ya kochi, mikono kiunoni. Twalha alikuwa anakunja turubai, akaacha. Akamwona anafungua pindo la kanga, anakwenda chumbani, anarudi na kitambaa cha pili, kile kikubwa cha televisheni. Akaondoa shuka, akakilaza juu ya televisheni. Akarudi nyuma hatua mbili. Akaja mbele, akakivuta kulia, akapima: shahada, cha kati, cha pete.

"Mpambaji," akamwita, "njoo utazame."

Twalha akaja akatazama. Vitambaa viwili vimetoka, thelathini na tisa vingali sandukuni, na ufunguo uko kwa adui. Hakujua kama ameshinda au ameshindwa, na alitazama kwa muda mrefu bila kujua. Lakini kalamu ninayo mimi, na mimi nimeandika: siku ya Jumapili, mjini Bagamoyo, mbele ya mashahidi, kwa upana wa vidole vitatu, ushindi.